Mwili Hauzoei Dawa: Sentensi Moja Inayotugharimu

Ipo sentensi moja ambayo nimeisikia tangu utotoni, na sina shaka kwamba msomaji naye ameisikia: "Mwili wangu umeshazoea dawa." Husemwa kwenye foleni za zahanati, katika vyumba vya walimu, ndani ya matatu na kando ya meko. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliwahi kuniletea barua ya udhuru, iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, akieleza kwamba alichelewa kupona na kuukosa mtihani kwa sababu mwili wake ulikuwa umezizoea dawa alizopewa. Mimi ni mwalimu wa isimu. Niliisoma barua ile mara mbili nisione la kusahihisha. Kiima kilikuwapo, kitenzi kilikuwapo, upatanisho wa kisarufi haukutetereka popote. Lau ingekuwa insha, ningempa alama zote.

Tatizo ni kwamba sentensi hiyo si ya kweli, tena si ya kweli mara mbili. Kiima chake sicho, na kitenzi chake sicho. Katika makala haya nakusudia kuyaeleza makosa hayo mawili, moja baada ya jingine, kwa kuwa nimekuja kuamini kwamba kosa hili lina gharama isiyoweza kuhesabiwa kwa alama za mtihani.

Naomba niseme mapema kwamba mimi si tabibu. Niliyoyajua nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwasumbua wenzangu wa kitivo cha sayansi, ambao walinivumilia. Aliyenisukuma kufanya hivyo ni mama yangu mzazi.

Miaka kadhaa iliyopita mama, ambaye wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka 70, aliugua maradhi ya njia ya mkojo. Ndugu yangu mdogo alimwendea duka la dawa lililo karibu na soko. Muuzaji alisikiliza dalili, akahesabu vidonge 6, akavifunga katika karatasi. Vidonge 6 kwa sababu hizo ndizo pesa zilizokuwapo. Hakuna aliyepima chochote. Mama akapata nafuu ya siku chache, kisha homa ikarudi. Akanunuliwa vidonge vya aina ya pili, halafu vya aina ya tatu. Nilipopigiwa simu na kufika nyumbani, nilimkuta hawezi kusimama bila kushikwa.

Tulimpeleka hospitalini. Mkojo wake ukapelekwa maabarani, viini vilivyokuwamo vikaoteshwa, na baada ya siku 3 daktari akatuonyesha karatasi ya majibu. Bakteria aliyepatikana alikuwa Escherichia coli, na mbele ya majina ya dawa zote tatu alizokuwa amekwisha kuzimeza paliandikwa maneno ya kuonyesha kwamba hazimdhuru bakteria huyo. Ilibidi adungwe sindano za dawa nyingine, iliyo ghali zaidi, kwa siku nyingi. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Lakini kabla hajapona alinishika mkono akaniambia kwa lugha yetu ya nyumbani maneno ambayo nayatafsiri hivi: "Nisamehe, mwanangu. Nimekula dawa nyingi maishani mwangu, mwili umezizoea. Nimewagharimu bure." Mwanamke mzee, mgonjwa, alikuwa akiomba radhi kwa kosa ambalo mwili wake haukulitenda. Hapo ndipo nilipoanza kuichukia sentensi ile.

Na tuanze basi na kiima. Ni nani, au ni nini, kinachobadilika dawa inapokataa kufanya kazi? Ni kweli kwamba zipo dawa ambazo mwili huzizoea. Mtu anayepewa mofini kwa muda mrefu ili kutuliza maumivu huhitaji kipimo kikubwa zaidi kadiri siku zinavyopita, na mnywaji wa pombe hahitaji kuelezwa habari hiyo. Huko kitenzi "kuzoea" kinakaa mahali pake barabara. Yaelekea ni kutoka huko ndiko tulikokihamisha na kukipeleka kusikostahili.

Dawa za kuua bakteria, ambazo wataalamu wa istilahi wameziita viuavijasumu, haziulengi mwili wa binadamu. Chukua penisilini. Kazi yake ni kumzuia bakteria asiweze kuujenga ukuta unaoizunguka seli yake. Ukuta ukidhoofika, seli hupasuka. Seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, na kwa hiyo penisilini haina neno nazo. Dawa hiyo hupita mwilini kama askari anayepita sokoni akimtafuta mtu mmoja mahususi. Mwili wa mgonjwa ni uwanja tu. Wachezaji ni dawa na bakteria. Kusema kwamba mwili umeizoea penisilini ni kama kusema kwamba uwanja umejifunza kuuzuia mpira.

Huenda msomaji akauliza: kuna tofauti gani, maadamu mgonjwa hakupona? Tofauti ni kubwa. Ikiwa ni mwili uliozoea, basi hiyo ni shida ya mwenye mwili peke yake. Akifa, shida inazikwa naye. Lakini ikiwa ni bakteria ndio sugu, basi shida hiyo ina miguu. Itatoka kwa mgonjwa kupitia mikono, kinyesi, maji na chakula, na kumwingia mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja katika uhai wake. Mtoto mchanga anaweza kuambukizwa bakteria sugu siku ile ile ya kuzaliwa. Mwili wake ulizoea lini?

Mfano tunao humu nchini. Tangu miaka ya 1990, watafiti walionyesha kwamba bakteria wa homa ya matumbo waliokuwa wakipatikana Nairobi walihimili dawa kadhaa kwa pamoja, zikiwamo ampisilini na kloramfenikoli, ambazo hapo awali zilikuwa tegemeo la matibabu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2015, uliolinganisha chembeuzi za bakteria hao kutoka nchi 63, ulionyesha kwamba ukoo mmoja sugu, ambao wataalamu wameupa jina la H58, ulitokea Asia ya Kusini, ukasafiri hadi Afrika Mashariki na kuenea. Mkazi wa mtaa wa mabanda aliyeugua homa hiyo hakuuzoesha mwili wake dawa yoyote. Alikunywa maji.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Tuseme tumelirekebisha, na sasa sentensi yetu inasomeka hivi: "Bakteria wamezoea dawa." Kiima sasa ni sahihi. Walimu wengi wa sayansi husimama hapo wakaridhika. Mimi naomba tuendelee, kwa maana kitenzi nacho kina kasoro, na kasoro hiyo ni ya ndani zaidi.

Kuzoea ni tendo la mtu mmoja anayedumu. Kwanza jambo lilikuwa geni kwake, kisha likamrudia mara nyingi, mwisho likawa la kawaida. Mimi niliyechukia pilipili utotoni ndimi ninayeila leo. Neno "sugu" lenyewe, ambalo tumelifanya istilahi, limebeba picha hiyo hiyo. Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ngozi iliyofanya ugumu kwa kusuguliwa: kiganja cha mshika jembe, kidole cha mwandishi, paji la uso la mcha Mungu anayesujudu kila siku. Ngozi ile ile iliyokuwa laini ndiyo imekuwa ngumu. Kwa hiyo tunaposema "bakteria sugu", akili inatuchorea bakteria mmoja aliyepigwa na dawa mara nyingi mpaka akafanya ugumu.

Kosa hili si letu peke yetu, wala si la watu wasiosoma. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mjini London mwaka wa 1928, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 pamoja na Howard Florey na Ernst Chain. Katika hotuba aliyoitoa Stockholm mwezi wa Desemba mwaka huo alionya kwamba siku itafika ambapo penisilini itanunuliwa madukani na yeyote apendaye. Alisimulia kisa cha kubuni cha bwana mmoja aliyeumwa na koo, akajinunulia dawa na kumeza kiasi kidogo, kisicholingana na maradhi. Bakteria wakasalia, wakamwambukiza mkewe, naye mkewe akafa kwa kichomi ambacho penisilini haikuweza tena kukitibu. Ni onyo lenye busara ya ajabu. Hata hivyo, alipoeleza kilichotokea ndani ya koo la bwana yule, Fleming alisema kwamba dawa ile kidogo iliwaelimisha bakteria. Yaani hata mgunduzi mwenyewe alitumia kitenzi cha darasani.

Je, bakteria huelimika? Jibu lilipatikana kwa njia nyepesi iliyonistaajabisha. Mwaka wa 1952 huko Marekani, Esther Lederberg na mumewe Joshua walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kipande cha kitambaa cha mahameli. Waliotesha bakteria juu ya sahani yenye lishe, wakatokea kama vidoa vingi, kila kidoa kikiwa ukoo wa bakteria mmoja. Kisha waliukandamiza mahameli juu ya sahani hiyo kama mtu anayetumia mhuri, wakaupiga mhuri huo juu ya sahani nyingine zilizotiwa streptomaisini. Kila sahani ikawa nakala ya ile ya kwanza, vidoa vikiwa mahali pale pale. Katika sahani zenye dawa karibu wote walikufa, ila wachache waliobaki walitokea mahali pamoja katika kila nakala. Ndipo watafiti hao wakairudia sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kuonja dawa, wakawatazama bakteria waliokuwa mahali hapo hapo. Hao nao walikuwa sugu. Walikuwa sugu kabla ya kukutana na dawa.

Hivyo basi, dawa haikumfundisha mtu yeyote. Iliwakuta wanafunzi waliokuwa tayari wanalijua jibu, ikawafukuza wengine wote darasani.

Walilijuaje? Hapa tunaingia katika hesabu. Escherichia coli akipata lishe na joto la kutosha hujigawa mara moja kila dakika 20 hivi. Bakteria mmoja saa mbili usiku, kama hakuna kizuizi, anaweza kuwa zaidi ya bilioni 1 ifikapo saa kumi na mbili alfajiri. Kila anapojigawa huna budi kukumbuka kwamba lazima anakili maandishi yake yote ya urithi, ambayo ni kama herufi milioni 4.6. Wanaoshughulika na miswada ya kale ya Lamu na Pate wanajua kinachotokea mtu anaponakili kwa mkono: hata mwandishi makini huacha nukta au hubadilisha herufi. Bakteria ni mwandishi makini sana. Mamia ya seli huzaliwa salama kabla ya moja kupata kosa. Lakini katika umati wa mabilioni, makosa hayo nadra huwa ni mamilioni. Mengi hayana athari yoyote, mengine humdhuru mwenyewe, na machache sana, kwa sadfa tupu, humpa kinga dhidi ya dawa ambayo huenda hata haijabuniwa.

Kwa hiyo kitenzi tunachokitafuta si "kuzoea" wala "kuelimika". Ni "kuchekecha". Dawa ni chekecheke. Punje laini hupita, zilizo kubwa hubaki, na anayechekecha hawezi kudai kwamba chekecheke ndilo lililozikuza punje hizo. Tofauti ni kwamba bakteria wanaobaki juu ya chekecheke huzaana, tena sasa wamepata nafasi na chakula cha wenzao waliokufa. Asubuhi ya pili sahani imejaa tena, na wote ni watoto wa waliobaki. Hakuna bakteria hata mmoja aliyebadilika tabia. Kilichobadilika ni umati.

Na hao waliobaki huihimilije dawa? Njia zao kubwa ni nne. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa kabla haijafika. Mwaka wa 1940, kabla penisilini haijaanza kutumiwa na umma, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wamekwisha kumkuta bakteria mwenye kimeng'enya cha namna hiyo. Wapo wanaoufunga mlango ambao dawa huingilia. Wapo wenye pampu za kuitapika dawa nje kila inapoingia. Na wapo ambao ile sehemu inayolengwa na dawa imebadilika umbo kidogo, hata dawa ikifika haipati pa kushika, mithili ya ufunguo katika kitasa kilichobadilishwa.

Silaha hizi si ngeni duniani. Dawa nyingi za aina hii tulizitwaa kutoka kwa kuvu na bakteria wa udongoni, ambao wamekuwa wakipigana kwa sumu hizo tangu enzi na enzi, na penye sumu huzuka kinga. Mwaka wa 2011 watafiti walitangaza kwamba wameyakuta maandishi ya urithi ya usugu katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000. Wakati huo hapakuwa na duka la dawa popote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi, kama mwanaisimu, nililifahamu haraka kuliko yote. Bakteria hawarithi kutoka kwa wazazi tu. Pia huazima kwa majirani. Tujiulize Kiswahili kimepata wapi maneno yake. Mengi tumeyarithi kutoka kwa lugha za Kibantu zilizokizaa: mtu, maji, moto. Lakini "kitabu" tumekipata kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno, "gari" kutoka Bara Hindi na "shule" kwa Wajerumani, wala hakuna hata mmoja kati ya hao aliye mama yetu. Bakteria nao wana vipande vidogo vya maandishi ya urithi, vya umbo la duara, viitwavyo plazmidi, ambavyo huweza kunakiliwa na kupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata kama si wa ukoo mmoja. Wanasayansi wa Japani waliligundua hilo katika miaka ya 1950 walipokuwa wakichunguza bakteria wa kuhara damu: usugu dhidi ya dawa kadhaa ulihama kwa mpigo mmoja, kama mtu anayeazima kamusi nzima badala ya neno moja.

Ndiyo sababu ni hatari kumeza dawa hizi pasipo haja. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na viuavijasumu havina nguvu yoyote juu ya virusi. Nadhani jina tulilozipa dawa hizi ni la ukarimu mno, kwani msikilizaji hudhani zinaua kila kijidudu. Mwenye mafua anayemeza amoksilini haponi mafua kwa sababu yake. Lakini matumboni mwake wamo bakteria wasiohesabika, wengi wao wasio na madhara, na wote hao wanapitishwa katika chekecheke. Wanaobaki huweza kuwa ghala la usugu, na siku bakteria wa maradhi akipita hapo, ataazimwa.

Kama hali ndiyo hii, je, tumeshindwa? La. Kuujua utaratibu wa jambo ndiko kunakotupa njia ya kulikabili, na ushahidi mmojawapo ulipatikana katika ardhi yetu. Streptomaisini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu huko Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1948, wengi walipata nafuu ya haraka, kisha bakteria sugu wakajitokeza ndani ya miezi michache, na baada ya miaka mitano faida ile ilikuwa imepungua sana. Chekecheke lilikuwa moja tu. Tiba ikawa ni kutumia dawa mbili au zaidi kwa pamoja, na sababu yake ni hesabu ya darasa la nane. Tuchukue kwamba bakteria anayehimili aisonaiazidi hupatikana mmoja kati ya milioni 1 hivi, na anayehimili rifampisini mmoja kati ya milioni 100. Atakayezihimili zote mbili kwa sadfa ni mmoja kati ya trilioni 100, idadi ambayo haipatikani katika pafu la mgonjwa. Anayeliponyoka chekecheke la kwanza hunaswa na la pili.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walifanya majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaonyesha kwamba mchanganyiko wenye dawa kama hizo unaweza kuponya kifua kikuu kwa miezi 6, ilhali matibabu ya kawaida siku hizo yalichukua mwaka mmoja na nusu. Huo ni mojawapo ya misingi ya matibabu yanayotumika hadi leo katika nchi nyingi. Mchango huu wa wagonjwa wetu haufundishwi shuleni, nami naona ni hasara.

Hesabu hiyo hiyo inatueleza kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anayeziacha dawa njiani, au anayemeza moja na kuiacha nyingine, anajihatarisha yeye na jamaa zake. Kwa maradhi mengine wataalamu wanajadiliana siku hizi iwapo muda mrefu ni bora kuliko mfupi, na kwa baadhi yao siku chache zimethibitika kuwa zinatosha. Lakini mjadala huo ni wa kuamua muda ulio sahihi. Haumpi mgonjwa ruhusa ya kujikatia dozi mwenyewe, wala muuzaji ruhusa ya kuhesabu vidonge kwa kipimo cha pesa zilizomo mfukoni mwa mnunuzi.

Nasema hivyo bila kumlaumu ndugu yangu aliyenunua vidonge 6. Sheria ya nchi inataka dawa hizi ziuzwe kwa cheti cha daktari, lakini daktari yuko mbali, maabara iko mbali zaidi, na duka liko hapo hapo sokoni. Asiye na nauli hawezi kuhubiriwa tu. Maji safi, vyoo, kunawa mikono na chanjo hupunguza maradhi, na maradhi yakipungua hata haja ya dawa hupungua. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya matumbo mwaka wa 2025. Kila mtoto asiyeugua ni chekecheke moja ambalo halikutumika. Uzito wa jambo lenyewe si wa kubishaniwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba katika mwaka wa 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Baada ya kuyasoma haya nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Niliacha kando plazmidi na mahameli, nikamwambia tu kwamba wapo wachache waliokuwa na nguvu tangu mwanzo, dawa ikawaua wenzao, wao wakabaki na kuzaana. Alinisikiliza huku akichambua maharagwe. Kisha akasema: "Kumbe ni kama kupe wa josho."

Nikamwomba aendelee. "Baba yako alipokuwa hai, ng'ombe tuliwapeleka joshoni kila juma. Mwanzoni kupe walikufa wote, wakapukutika kama pumba. Baadaye wakawa wanabaki wachache, kisha wengi, mpaka dawa ikabadilishwa. Lakini sikumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba ng'ombe wamezoea dawa."

Nilinyamaza. Miaka yote ya kusoma sarufi, na aliyekipata kiima sahihi ni mwanamke ambaye hakuvuka darasa la pili.

"Na wale kupe," akaongeza, "hawakubaki kwa ng'ombe wetu. Walikwenda kwa jirani."

Tangu siku hiyo hajaniomba tena msamaha. Lakini dada yangu alipotaka kumpa mjukuu vidonge vilivyosalia kabatini kwa sababu ya kikohozi, mama ndiye aliyemzuia.

Nawaomba walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa sayansi, tuifanye kazi hii kwa pamoja. Mwanafunzi akiandika kwamba mwili wake umezoea dawa, kalamu nyekundu isipite tu kwa kuwa sarufi imekaa sawa. Mwulizeni ni nani hasa aliyehimili dawa, alitoka wapi na anaelekea kwa nani. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani likizoni mtaisikia sentensi ile ikitoka katika vinywa vya wazee wenu. Msiwacheke. Waulizeni habari za kupe na josho, kisha waelezeni yaliyobaki.

Yule mwanafunzi wangu wa barua ya udhuru amekwisha kuhitimu, na nasikia ni mwalimu wa sekondari. Sikumsahihisha wakati ule kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Ikiwa anayasoma makala haya, basi na apokee masahihisho yake sasa: bakteria walioihimili dawa walibaki na kuzaana, na huenda walikuwako kabla hujaugua.